Mwongozo wa kuchapa picha ya kiaroskuro kwa vibao viwili: Yesu anashushwa msalabani

Kila picha za kidini za kiaroskuro (yaani za mwanga na giza, zinazochapwa kwa vibao kadhaa vya mbao) za wachapaji wa Ulaya wa zama za Renaissance zinapooneshwa kwa watu wanaojifunza kuchonga vibao, maswali yanayofuata ni yaleyale: vilitumika vibao vingapi, kipi kilichapwa kwanza, na ile michirizi myeupe inayong'aa juu ya mwili wa Kristo ilipakwa kwa rangi gani. Swali la tatu ndilo lenye ufunguo wa kazi yote, kwa sababu jibu lake ni kwamba haikupakwa rangi yoyote. Weupe ule ni karatasi tupu, nayo inaonekana kwa sababu mchongaji aliondoa mbao mahali pale ili rangi isifike. Ukilishika jambo hilo tangu mwanzo, utaacha kufikiri kwamba patasi yako inachora mistari na utaanza kuona kwamba inachimba mwanga.

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekwisha kuchonga na kuchapa kibao kimoja cheusi, hata kama ni mara moja tu, na ambaye sasa anataka kuongeza kibao cha pili. Kama hujawahi kuchapa kabisa, fanya kwanza picha ndogo ya rangi nyeusi, kisha urudi hapa.

Nadharia inayohitajika ni fupi. Wachoraji wa karne ya 15 na ya 16 walipenda kuchora juu ya karatasi iliyotiwa rangi, ambapo wino mweusi uliweka vivuli, rangi nyeupe ikaweka mwanga, na rangi ya karatasi yenyewe ikasimama katikati. Kiaroskuro ya vibao ilizaliwa kutokana na hamu ya kuchapa nakala nyingi za michoro ya namna hiyo. Mwaka 1508, mjini Augsburg, Ujerumani, msanii Hans Burgkmair alitoa picha za Mtakatifu George na za Kaizari Maximilian wakiwa juu ya farasi. Mwaka 1516 mchongaji wa Kiitaliano Ugo da Carpi aliiomba Seneti ya Venice impe haki ya pekee juu ya kile alichokiita njia mpya ya kuchapa mwanga na giza, ingawa Wajerumani walikuwa wamekwisha kumtangulia. Kwao tumepata njia mbili. Katika njia ya Kijerumani, kibao cha mistari meusi kinajitosheleza kama picha, na kibao cha rangi huongezwa ili kutoa daraja la kati pamoja na mwanga. Katika njia ya Kiitaliano, hakuna kibao kinachojitosheleza. Vibao vitatu au vinne hushirikiana kulijenga umbo, na ukikichapa kimoja peke yake utaona mabaka yasiyoeleweka. Anayeanza aanze na ya Kijerumani, kwa kuwa kosa katika kibao cha pili halitaiua picha nzima.

Tukio tutakalolichapa ni lile ambalo waumini Wakatoliki wanalifahamu kama kituo cha kumi na tatu cha Njia ya Msalaba. Ugo da Carpi alilichonga kwa vibao vitatu akifuata mchoro wa Raphael, mchoraji wa Kiitaliano: wanaume wamepanda ngazi wanaushusha mwili, na chini wanawake wanamhudumia Maria aliyezimia. Itafute picha hiyo katika tovuti za majumba makubwa ya makumbusho, uitazame kwa makini, lakini usiinakili, kwa maana ina watu wengi mno kwa mkono usiozoea. Watu wanne wanatosha: Kristo, Yosefu wa Arimathaya juu ya ngazi, Yohane anayeupokea mwili, na Maria. Nikodemo, aliyesaidia katika maziko, atusamehe kwa kumwacha nje. Tukio hili linafaa kwa sababu lina mwili mmoja uliopauka, sanda moja nyeupe na anga ya giza nyuma yake, hivyo mwanga una mahali dhahiri pa kukaa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Vibao viwili vya plaiwudi vyenye uso laini, kila kimoja upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 28, vikatwe na fundi mmoja kwa msumeno mmoja ili vipimo visitofautiane hata kwa milimita moja. Wachongaji wa Ulaya walipenda mbao za mti wa peasi, ambazo zina nyuzi zilizobana. Nawe ukipata mbao ngumu yenye nyuzi zilizobana, iliyokauka vizuri na kupigwa randa, itakupa mistari safi kuliko plaiwudi.
- Kisu chenye ncha kali, patasi ya mdomo wa V, na patasi mbili za mdomo wa mviringo, moja nyembamba na moja pana.
- Karatasi ya kaki, penseli nyeusi, penseli nyeupe au chaki iliyochongwa ncha, karatasi nyembamba inayopenya mwanga, na karatasi ya kaboni.
- Wino wa mafuta mweusi, mweupe na wa kahawia. Asiyepata wino wa wasanii aulizie mabaki ya wino wa ofseti katika matbaa yoyote ya mjini. Kopo dogo linatosha kwa picha nyingi.
- Rola mbili za mpira, kipande cha kioo cha kutandazia wino, na kisu cha puti cha kuchanganyia.
- Karatasi ya kuchapia ya ukubwa wa A3, nyeupe au yenye wekundu wa maziwa kwa mbali, uzito wa gramu 80 hadi 120. Karatasi nzito inahitaji mashine. Kwa mkono itakuchosha bure.
- Mwiko wa mbao wenye mgongo laini, wa kusugulia.
- Ubao mpana wa msingi, vipande vya mbao vyenye unene uleule wa vibao vyako, kadibodi ngumu na gundi ya mbao.
- Msasa laini, matambara, na mafuta ya kupikia ya kusafishia.

Hatua za kazi

1. Chora kwenye karatasi ya kaki. Chukua karatasi ya kaki yenye ukubwa sawa na kibao na uchore tukio zima kwa penseli nyeusi, kisha uweke mwanga kwa penseli nyeupe, ukiiachia rangi ya kaki ifanye kazi ya kati. Hapo utakuwa umefanya hasa alichofanya mchoraji wa karne ya 16. Amua mwanga unatoka upande gani na usibadilishe tena. Tuseme unatoka juu kushoto, basi bega la kushoto la kila mtu, kama unavyomtazama, lipate weupe, na upande wa kulia uzame. Usiendelee na hatua ya pili mpaka mchoro huu uwe unasomeka ukiutazama kutoka upande wa pili wa chumba. Wanaoruka hatua hii ndio wanaouliza baadaye kwa nini picha yao imekuwa bapa.

2. Geuza mchoro kabla ya kuuhamisha. Picha inayochapwa hutoka kinyume na ilivyochongwa, kama inavyoonekana kwenye kioo. Nakili mistari meusi kwenye karatasi inayopenya mwanga, ipindue karatasi hiyo uso chini, weka kaboni katikati yake na kibao cha kwanza, halafu pitia mistari yote kwa kalamu. Katika picha za kidini kosa la kusahau kugeuza halifichiki. Herufi INRI juu ya msalaba zitasomeka kinyume. Jeraha la ubavuni, ambalo kwa desturi ya wachoraji huwa upande wa kuume wa Kristo, litahamia kushoto. Na mtakatifu anayebariki atabariki kwa mkono wa kushoto. Ukiona herufi zimeandikwa sawasawa juu ya kibao, simama hapo hapo na uanze upya.

3. Chonga kibao cha mistari. Kata pande zote mbili za kila mstari kwa kisu, ukikilaza kidogo kwenda nje ili mstari uwe mpana chini kuliko juu. Mstari uliochimbwa wima au kwa ndani hukatika unaposuguliwa. Kisha ondoa mbao ya kati kwa patasi, ukichonga kila mara kuelekea mbali na mkono unaoshikilia kibao. Jihadhari na nyuzi za plaiwudi, ambazo hupasuka na kung'oka unapozikata kwa kukingama. Pitisha kisu kwanza, patasi ifuate. Usichonge vivuli vya kati kwa mistari mingi ya kukatana kama ambavyo ungefanya katika picha ya kibao kimoja, kwa sababu kazi hiyo sasa ni ya kibao cha pili. Kibao cha mistari kibaki na mipaka ya maumbo, mikunjo mikubwa ya nguo, ngazi, msalaba, na giza zito lililo chini ya mikono na nyuma ya miguu. Kionekane kama kimepungukiwa.

4. Tengeneza msingi wa kulinganishia. Hatua hii haina uzuri wowote, lakini ndiyo inayoamua kama vibao viwili vitakutana. Juu ya ubao wa msingi gundisha vipande viwili vya mbao vyenye upana wa sentimita 10 na unene uleule wa vibao vyako, vikutane kwa pembe mraba, kimoja kushoto na kingine chini. Kila kibao kitasukumwa kwenye pembe hiyo mpaka kikae bila kucheza. Juu ya vipande hivyo gundisha kadibodi mbili za kuzuia karatasi: moja yenye umbo la L kwa ajili ya pembe ya chini kushoto ya karatasi, na nyingine iliyonyooka, mbele kidogo ya ukingo uleule wa chini. Kwa karatasi ya A3 iliyosimama, kizuizi kiache takriban sentimita 5 kushoto kwa kibao na sentimita 7 chini yake, ndipo picha ikae katikati. Andika neno JUU kwenye ukingo wa juu wa kila kibao, maana utashangaa jinsi ilivyo rahisi kukiweka kibao kichwa chini usiku.

5. Hamishia mistari kwenye kibao cha pili. Usitumie kaboni tena, kwa sababu mkono hauwezi kufuata mistari uleule mara mbili bila kupotoka. Pakaza kibao cha mistari wino, kiweke kwenye msingi, na ukichape kwenye karatasi laini ya plastiki iliyokatwa kwa ukubwa wa A3 na kuegemezwa kwenye vizuizi. Toa kibao hicho, weka cha pili mahali pake, rudisha ile plastiki ikiwa wino bado mbichi, uso uleule chini na pembe ileile, kisha sugua. Kwa kuwa picha imegeuka mara mbili, mistari itakaa juu ya kibao cha pili sawasawa na ilivyo juu ya cha kwanza, wala huhitaji kugeuza chochote. Kiache kikauke kabisa.

6. Chonga mwanga. Sasa umefika kwenye moyo wa kazi, na ninakushauri usiufanye ukiwa umechoka. Kibao hiki kitachapa rangi ya kati kila mahali isipokuwa pale utakapochimba, kwa hiyo kila pigo la patasi ni mwanga, na mwanga uliokwisha kuchimbwa haurudishwi. Weka mchoro wa karatasi ya kaki mbele yako, ukiwa umeusimamisha mbele ya kioo cha kujitazamia na kuutazama humo, ili uelekee upande uleule wa kibao, na uhamishe michirizi ya penseli nyeupe mmoja baada ya mwingine.

   Anza na sehemu yenye weupe mkubwa, yaani sanda na kifua cha Kristo, halafu nenda kwenye paji la uso wa Maria, bega la Yohane na mgongo wa mkono wa Yosefu. Mchirizi ufuate umbo: juu ya paja uzunguke kama paja linavyozunguka, juu ya nguo uteremke na mkunjo. Uanze kwa ncha nyembamba, upanuke, umalizike kwa ncha nyembamba tena, jinsi brashi yenye rangi nyeupe inavyoacha alama. Mahali mwanga unapofifia, usipunguze kina cha kuchonga, kwani kina hakibadilishi rangi. Punguza upana na utenganishe michirizi zaidi.

   Kosa linaloonekana katika kazi nyingi za kwanza ni kuchimba weupe mpaka kugusa mstari mweusi kila mahali, kana kwamba mtu anapaka rangi ndani ya mipaka ya kitabu cha watoto. Acha ukanda wa rangi ya kati kati ya mwanga na mstari, kwa sababu ukanda huo ndio unaolifanya bega liwe na unene. Kosa la pili ni ukarimu: kila sura inapewa mwanga, kila kidole, kila kipago cha ngazi, na mwishowe jicho halijui litazame wapi. Kwa macho yangu, weupe ukizidi robo ya eneo la picha, tukio la huzuni hugeuka kuwa la adhuhuri. Anga na ngazi viache vibaki na rangi ya kati, isipokuwa michirizi miwili mitatu ya mawingu kama moyo unaitaka.

7. Changanya rangi ya kati. Weka wino mweupe mwingi juu ya kioo, ongeza kahawia kidogo kidogo na tone la nyeusi, mpaka upate rangi ya udongo uliokauka. Kijani cha zeituni na bluu ya kijivu pia vina historia ndefu katika sanaa hii. Karakana za Italia zilikuwa zikivichapa vibao vilevile kwa rangi tofauti tofauti, hivyo nawe unaweza kujaribu. Rangi inapokuwa juu ya kioo huonekana tofauti na itakavyokuwa juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo paka kidogo kwa kidole kwenye karatasi na uitazame hapo. Ikikaribia giza la mistari, mistari itamezwa. Ikikaribia weupe wa karatasi, mwanga wako wote umepotea. Piga picha ya jaribio hilo kwa simu na uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe: unatakiwa kuona madaraja matatu yanayotofautiana wazi.

8. Chapa kibao cha rangi kwanza. Tandaza wino kwenye kioo mpaka rola itoe mlio wa kunata usio na majimaji, kisha pakaza kibao kwa tabaka nyembamba mara kadhaa, ukibadilisha mwelekeo. Egemeza karatasi kwenye kizuizi cha pembe kwanza, halafu kwenye kile kilichonyooka, uilaze taratibu, na usugue kwa mgongo wa mwiko kutoka katikati kwenda pembeni. Inua pembe moja kuangalia huku mkono mwingine ukiikandamiza karatasi penye vizuizi. Wachapaji wa zamani waliilowesha karatasi kabla ya kuitia mashinikizoni. Wewe itumie ikiwa kavu, kwa kuwa karatasi yenye unyevu hupanuka na kusinyaa, na vibao havitakutana. Chapa karatasi nyingi kuliko nakala unazohitaji, kwani nyingine zitaharibika katika hatua ifuatayo.

9. Subiri, kisha chapa mistari. Rangi ya kwanza ikauke siku moja hadi tatu kulingana na unyevu wa hewa. Katika miji ya pwani tarajia muda mrefu zaidi. Ikiwa ukigusa hainati kidoleni lakini bado ina ubaridi kidogo, iko tayari. Rudisha kibao cha mistari kwenye msingi, pakaza wino mweusi, na ufuate utaratibu uleule wa vizuizi. Nakala ya kwanza ichukulie kuwa ya kupimia: ikiwa mistari imehama upande mmoja, bandika kipande chembamba cha karatasi kwenye kizuizi husika na ujaribu tena.

10. Safisha na utie sahihi. Futa vibao kwa tambara lenye mafuta ya kupikia, kisha kwa tambara kavu. Usiviloweshe kwa maji, plaiwudi itavimba. Matambara yenye wino wa mafuta yatandazwe nje mpaka yakauke, yasirundikwe pamoja, kwa sababu rundo hujipasha moto lenyewe na huweza kuwaka. Nakala zikikauka, andika kwa penseli chini ya picha namba ya nakala, jina la tukio na jina lako. Ugo da Carpi alikuwa mkali zaidi katika jambo hili: kwenye picha yake ya mwaka 1518 iitwayo Kifo cha Anania alichonga onyo kwamba atakayeichapa picha hiyo bila ridhaa ya mwenyewe atatengwa na Kanisa kwa amri ya Papa Leo X na kupata adhabu nyingine za Venice.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mistari inaonekana mara mbili, au weupe umetoka nje ya umbo.* Kibao kinacheza ndani ya msingi au karatasi haikugusa vizuizi vyote viwili. Kagua kwanza kama nakala zote zimehama kwa kiasi kilekile. Kama ndivyo, rekebisha kizuizi. Kama kila nakala imehama kivyake, tatizo ni mkono unaolaza karatasi.

*Michirizi myembamba ya mwanga imezibwa.* Wino ni mwingi au ni mwepesi mno. Punguza wino kwenye kioo, safisha mifereji kwa mswaki mkavu wa zamani, na chimba zaidi kama mifereji ni mifupi kwenda chini.

*Rangi ya kati ina mabaka.* Ama plaiwudi imepinda, ama haukusugua kwa usawa. Bandika karatasi moja au mbili chini ya kibao mahali penye upungufu. Lakini mabaka madogo yanayofuata nyuzi za mbao usihangaike nayo, yanapendeza.

*Wino mweusi hauikamati rangi ya kati.* Rangi ya kwanza ilikuwa nene au imekauka kupita kiasi. Kwa nakala zijazo tumia tabaka jembamba zaidi na usisubiri wiki nzima.

*Madoa yameonekana mahali palipotakiwa kuwa peupe.* Ni vilele vya mbao vilivyobaki ndani ya maeneo yaliyochimbwa. Vishushe kwa patasi pana. Kwenye sanda na kifua usiache hata kimoja.

*Mstari umekatika.* Ukikipata kipande, kirudishe kwa gundi ya mbao, kiache usiku kucha, kisha pitisha msasa. Ukikikosa, tazama kwanza nakala moja kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa mara nyingi rangi ya kati inaushikilia umbo bila mstari ule. Waitaliano waliiacha mipaka ikiwa wazi kwa makusudi.

*Picha imekuwa bapa ingawa vibao vimekutana vizuri.* Rudi kwenye mchoro wa karatasi ya kaki. Karibu kila mara utakuta kwamba mwanga uliochonga unatoka pande mbili.

Ukitaka kibao cha tatu

Kibao cha tatu kiwe cha rangi nzito zaidi ya ile ya kati lakini nyepesi kuliko nyeusi, na kichapwe katikati ya viwili hivyo. Kata kibao kwa vipimo vilevile, hamishia mistari kwa plastiki kama katika hatua ya 5, kisha fanya kinyume cha ulichofanya katika hatua ya 6: chimba karibu kila kitu, ukibakiza vivuli peke yake, yaani upande wa miili utakaokuwa kulia katika picha iliyochapwa, sehemu ya ndani ya mikunjo, na ardhi iliyo chini ya msalaba. Baada ya hapo chapa nakala moja ya majaribio bila kibao cheusi, uone ni mistari ipi ambayo haihitajiki tena, na uiondoe kwenye kibao cha kwanza kwa kisu, mmoja mmoja, ukichapa jaribio jipya baada ya kila eneo.